Misingi ya Uigizaji: Kuisoma Tamthilia kwa Jicho la Mwigizaji

Tamthilia ni utungo ulioandikwa ili uigizwe. Mtunzi wa riwaya anaweza kutuambia waziwazi kuwa mhusika fulani ana tamaa. Mtunzi wa tamthilia hutupa mazungumzo na maelekezo machache ya jukwaani, kisha humwachia mwigizaji kazi iliyobaki. Mwanafunzi anayeielewa kazi hiyo huielewa tamthilia vizuri zaidi. Tutaieleza kwa kurejelea onyesho la kwanza la Kigogo (Pauline Kea).

(a) Nia ya mhusika

Kanuni ya kwanza ni hii: mwigizaji haigizi sifa, huigiza nia. Ukipanda jukwaani kuigiza "unafiki", utaishia kukunja uso na hadhira itakucheka. Lakini unaweza kuigiza mtu anayetaka kitu na anayetumia maneno matamu ili akipate. Hadhira ndiyo itakayosema, "Huyu ni mnafiki."

Konstantin Stanislavski (1863–1938), mwigizaji na mwelekezi wa Urusi, aliwafunza waigizaji kujiuliza: Je, ningekuwa katika hali ya mhusika huyu, ningefanya nini? Swali hilo humtoa mwigizaji katika kuiga na kumwingiza katika kutenda.

Katika karakana ya Soko la Chapakazi, Sudi, Boza na Kombe wanachonga vinyago. Kenga, mshauri wa Majoka, anawaletea keki ya sherehe za uhuru. Tazama nia zinavyogongana. Kenga anataka wachongaji waukubali utawala wa Majoka, na keki ni chombo chake. Sudi anataka kulinda heshima yake, hivyo anaikataa. Boza anakula.

(b) Kizuizi

Nia ikikosa kizuizi, hakuna mgogoro. Na bila mgogoro hakuna tamthilia. Sudi ndiye kizuizi cha Kenga. Kwa hivyo, mwigizaji wa Kenga hana budi kuamua katika kila kauli kama anabembeleza, anaahidi au anatisha. Kauli moja inaweza kubeba tishio ndani ya tabasamu.

Naye Boza? Ni rahisi kumdharau. Hata hivyo, mwigizaji anayemdharau mhusika wake humfanya kikaragosi. Akijiuliza Boza anataka nini, huenda akamwona mtu anayeamua kuishi bila kugombana na wenye nguvu. Boza wa namna hiyo huitia hadhira wasiwasi, kwa sababu wengi wetu tungeila keki hiyo.

(c) Sauti, mwili na usikilizaji

Sauti hubeba maana kupitia kiimbo, kasi na kimya. Mwili nao huzungumza: Sudi akiendelea kuchonga Kenga anapomsemesha, amekwisha kumjibu. Vilevile, mwigizaji bora husikiliza. Anayengoja tu zamu yake ya kusema huonekana kama anayekariri shairi. Kombe akiwa kimya bado anaigiza. Macho yake yanaweza kutuonyesha anaegemea upande gani.

(d) Jukwaa na filamu

Misingi ni ile ile, ila vipimo hutofautiana. Jukwaani, mtazamaji wa safu ya nyuma sharti asikie na aone. Sauti hutoka kifuani, matamshi huwa wazi na ishara huwa pana. Onyesho huendelea kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kurudiwa, na kicheko au kimya cha hadhira humwongoza mwigizaji.

Katika filamu, kamera husogea hadi karibu na uso. Kope zikitikisika, mtazamaji ataona. Ishara pana za jukwaani huonekana hapa kama kelele. Aidha, sehemu za filamu kwa kawaida hazipigwi kwa mfuatano wa hadithi: kilio cha mwisho kinaweza kupigwa siku ya kwanza. Mwigizaji lazima akumbuke nia ya mhusika wake katika kila hatua. Katika Supa Modo (2018), filamu ya Kenya iliyoelekezwa na Likarion Wainaina, mama ya Jo anajua kuwa bintiye hatapona. Kwa nafasi kama hiyo, kujitahidi kuzuia machozi kuna nguvu kuliko kulia kwa sauti.

(e) Faida kwa mtahiniwa

Watahiniwa wengi huorodhesha sifa bila thibitisho: "Kenga ni mnafiki, mwenye tamaa, katili." Fuata njia ya mwigizaji. Anza na nia, taja tendo, kisha utoe sifa: Kenga anataka kuwatuliza wachongaji; anawaletea keki; hivyo ni mshawishi mwenye hila. Katika swali la muktadha pia, jiulize: msemaji ni nani, anamwambia nani, wapi, na anataka kupata nini kwa kusema hivyo?

Zoezi

1. Pamoja na wenzako, igizeni Kenga akileta keki. Igizeni mara mbili: kwanza Kenga abembeleze, kisha atishe. Maana imebadilikaje?
2. Eleza nia ya Boza katika onyesho hilo, kisha utaje sifa yake moja inayotokana na nia hiyo.
3. Iwapo onyesho hilo lingepigwa filamu, kamera ingeelekezwa kwa nani keki inapokataliwa? Fafanua jibu lako.