Matairi makubwa ya magari ya porini

Matairi makubwa ya magari ya porini ni matairi yenye kipenyo au upana unaozidi ule uliopangwa na kiwanda kwa gari husika. Hufungwa kwenye magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne ili yapite kwa urahisi zaidi penye mawe, mchanga, matope au theluji. Badiliko hili huonekana dogo, lakini kipenyo cha tairi kinahusiana na gia, breki, usukani, spidomita na uwezo wa gari kusimama imara bila kupinduka. Kwa hiyo uchaguzi huanza kwa kujua ni ukubwa gani gari linaweza kuubeba kwa usalama.

Sababu za kuongeza ukubwa

Magari mengi ya porini, kama vile Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, yana ekseli nzima inayounganisha magurudumu mawili. Katikati ya ekseli hiyo kuna difu, ambayo ndiyo sehemu iliyo karibu zaidi na ardhi. Kuweka springi ndefu huinua bodi na fremu, lakini difu hubaki palepale. Kwa gari la aina hii, njia ya kawaida ya kuinua difu yenyewe ni kuongeza kipenyo cha tairi.

Tairi kubwa pia hupanda jiwe au kuvuka shimo kwa urahisi zaidi kuliko dogo, kwa kuwa hukutana na kizuizi kwa pembe isiyo kali.

Kusoma vipimo

Vipimo huandikwa ubavuni mwa tairi. Kwa mfano, katika 265/70R16:
- 265 ni upana wa tairi kwa milimita;
- 70 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo;
- R huonyesha kwamba tairi ni la radiali;
- 16 ni kipenyo cha ringi kwa inchi.

Baada ya vipimo hivyo hufuata namba ya uwezo wa mzigo na herufi ya mwendo wa juu kabisa. Namba 112 humaanisha kilo 1,120 kwa kila tairi, na 121 humaanisha kilo 1,450. Herufi Q ni kilomita 160 kwa saa, na S ni kilomita 180 kwa saa. Tairi jipya lisiwe na uwezo wa mzigo ulio chini ya ule wa tairi la kiwanda, hata kama ni kubwa kuliko hilo.

Tarakimu nne zinazoonyesha tarehe ya kutengenezwa zinafaa kusomwa pia: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani au juani miaka mingi linaweza kupasuka ingawa kashata zake bado ni nzima.

Mfano wa hesabu

Kipenyo hupatikana kwa kuzidisha upana kwa asilimia ya ubavu, kuzidisha jibu kwa mbili, kisha kuongeza kipenyo cha ringi. Inchi moja ni milimita 25.4.

Tairi la 265/70R16: 265 × 0.70 × 2 = 371; 371 + 406 = milimita 777.
Tairi la 285/75R16: 285 × 0.75 × 2 = 428; 428 + 406 = milimita 834.

Tofauti ni milimita 57, lakini difu huinuka kwa nusu yake tu, yaani takriban milimita 28, kwa sababu nusu nyingine ya ongezeko iko juu ya ekseli. Nusu hiyo ya juu ndiyo inayoweza kugusa madigadi.

Athari kwa gari

Katika mfano huu kipenyo kimeongezeka kwa takriban asilimia 7, na matokeo yake ni haya:

Spidomita: Kifaa hiki huhesabu mizunguko, hivyo kikionyesha kilomita 80 kwa saa, mwendo halisi ni karibu 86. Kilomita zinazosajiliwa nazo hupungua: gari lililosajili kilomita 10,000 limetembea karibu 10,700, na ratiba ya kubadilisha oili inapaswa kuzingatia jambo hilo.

Nguvu ya kuvuta: Nguvu inayofika ardhini kwa gia ileile hupungua kwa takriban asilimia 7. Difu yenye uwiano wa 3.9 hufanya kazi kana kwamba ni ya 3.6. Dereva atalazimika kutumia gia ya chini zaidi mlimani, na klachi huchakaa mapema. Ili kurudisha hali ya awali, difu ingehitaji uwiano wa karibu 4.2.

Breki: Tairi kubwa kwa kawaida ni zito zaidi, na uzito huo uko mbali na kitovu cha gurudumu. Breki zilezile zinatakiwa kusimamisha gurudumu gumu zaidi kusimamishwa, kwa hiyo zinaweza kupata moto haraka kwenye mteremko mrefu.

Uimara: Gari likiinuka, kitovu chake cha uzito hupanda pia. Gari refu lenye mizigo juu ya paa hupinduka kwa urahisi zaidi katika kona au dereva anapokwepa kitu ghafla. Hatari hii huongezeka zaidi ikiwa springi nazo zimeinuliwa.

Usukani: Beringi, viungo vya usukani na shokapu hubeba mzigo usiokuwepo wakati gari lilipobuniwa.

Upana na aina ya ardhi

Tairi pana halifai kila mahali. Kwenye mchanga au theluji gari linahitaji kuelea, hivyo eneo kubwa la mguso husaidia. Nchini Aisilandi magari ya kuvuka barafu hufungwa matairi ya inchi 38 na zaidi, na upepo hupunguzwa mno ili yasizame katika theluji laini.

Kwenye matope membamba yaliyo juu ya ardhi ngumu, tairi jembamba lenye kashata ndefu linaweza kufaa zaidi, kwa kuwa hukata matope na kufikia ardhi imara chini yake. Tairi la 7.50R16, ambalo Land Cruiser nyingi za kazi hutoka nalo kiwandani, lina kipenyo cha karibu milimita 800 ingawa ni jembamba. Katika udongo mweusi wa mbuga, unaonata sana wakati wa masika, kashata zenye nafasi pana kati yake hujisafisha vizuri kuliko zilizobanana.

Ringi na nafasi

Kila tairi lina upana wa ringi linaoukubali. Kwa 285/75R16, ringi huwa ya inchi 7.5 hadi 9. Ringi nyembamba kupita kiasi huvimbisha ubavu, na iliyo pana mno huuacha mdomo wa tairi ukishika vibaya. Ringi inayotoa gurudumu nje zaidi huzuia tairi lisiguse fremu, lakini huongeza mzigo kwenye beringi na inaweza kulifanya tairi liguse madigadi linapokatwa kona.

Kabla ya kununua seti nzima, fundi hujaribu tairi moja kwa hatua hizi:
1. Kukata usukani hadi mwisho kushoto na kulia, gari likiwa tupu na kisha likiwa na mzigo.
2. Kupandisha gurudumu moja juu ya kilima kidogo ili springi yake ibonyee hadi mwisho.
3. Kuangalia kama tairi linagusa madigadi, fremu au mpira wa breki.

Tairi linalopita bila kugusa gari likiwa limesimama tambarare linaweza kugusa likiingia shimoni kwa kasi. Likichana mpira wa breki, gari hupoteza breki.

Kufunga

Matairi yote manne yanapaswa kuwa na kipenyo kimoja, na la akiba pia. Yakitofautiana, magurudumu huzunguka kwa mwendo tofauti, na mfumo wa kuendesha magurudumu manne hujikaza hadi gia au shafti kuharibika.

Ringi za vipande, zenye pete ya kushikilia tairi, zinahitaji uangalifu mkubwa. Pete isiyokaa vizuri inaweza kuruka wakati wa kujaza upepo na kuua mtu. Tairi la namna hiyo hujazwa ndani ya kizimba cha chuma, na fundi hasimami mbele yake.

Nati hukazwa kwa kuvukana, si kwa kufuata duara, na hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Baadaye magurudumu hufanyiwa balansi na alaimenti.

Upepo

Mara nyingi kupunguza upepo husaidia kuliko kuongeza ukubwa. Upepo ukishuka, sehemu ya tairi inayogusa ardhi hurefuka, na uzito wa gari hutawanyika. Kwenye mchanga madereva wengi hushusha hadi karibu PSI 15 hadi 18, wakienda polepole na kuepuka kona kali ili tairi lisitoke kwenye ringi.

Upepo lazima urudishwe kabla ya kuingia lami. Tairi laini likienda kasi hujikunja mfululizo, hupata joto na linaweza kupasuka. Kwa hiyo geji na pampu ni vifaa vya lazima kwa yeyote anayepunguza upepo njiani.

Sheria

Nchi nyingi huweka mipaka ya mabadiliko ya aina hii, na bima inaweza kukataa kulipa kama gari limebadilishwa bila kibali. Nchini Australia, kwa mfano, mwongozo wa kitaifa wa mabadiliko ya magari hutaja milimita 50 kama ongezeko la juu la kipenyo kwa magari ya porini yasiyohitaji idhini ya ziada. Badiliko la milimita 57 lililokokotolewa hapo juu lingezidi mpaka huo.

Mwenye gari asiye na haja ya kuvuka mawe makubwa anaweza kubaki na kipenyo cha kiwanda, achague tairi lenye ubavu imara na kashata zinazofaa ardhi yake, na kurekebisha upepo kulingana na njia. Hivyo atapata sehemu kubwa ya faida bila kugusa breki, gia wala uimara wa gari.