JE, MFUPA WA JINO ULIOLIKA HUWEZA KUOTA TENA?

Akina mama wapendwa, ni wangapi kati yetu tumeona damu kwenye mswaki tukaamua kuupumzisha? Hasa wakati wa ujauzito, fizi zinapovimba na kutoka damu upesi. Husemwa kwamba mtoto tumboni humnyonya mama meno. Sivyo. Adui ni ukoga, ule utando wenye bakteria unaojikusanya penye ufizi. Tukiacha kupiga mswaki kwa kuogopa damu, tunaulisha.

Ukoga usipoondolewa huwa mgumu, ndio ugaga. Ufizi huachana na jino na kufanya mfuko, na mfupa unaolishika jino huanza kulika. Mara nyingi hauumi, ndiyo maana tunashtuka siku jino linapolegea.

Sisi wauguzi tunaulizwa: mfupa huo utarudi? Wenyewe haurudi. Hakuna dawa ya meno, mkaa wala mzizi unaouotesha. Shida ni kwamba mfuko ukishasafishwa, ngozi ya ufizi hukua upesi na kujaza pengo kabla ya mfupa na nyuzi zinazolishika jino, kama magugu yanavyowahi mahindi. Mwaka 1982 Sture Nyman na wenzake wa Göteborg, Sweden, walieleza jinsi walivyoweka kizuizi chembamba kati ya ufizi na jino la mgonjwa mmoja. Ngozi ikazuiwa, na nyuzi mpya zikajishika kwenye mzizi.

Siku hizi kuna vizuizi vinavyoyeyuka vyenyewe mwilini, chembechembe za mfupa wa mgonjwa mwenyewe au wa ng'ombe, na dawa ya protini itokayo kwenye meno machanga ya nguruwe. (Ambaye dhamiri yake inakataa nguruwe amwulize daktari mapema, asione haya.)

Lakini tusidanganyane. Upasuaji huu hufaa pale mfupa ulipolika kama shimo lenye kuta kando ya jino. Ukiwa umepungua sawasawa mdomo mzima, kama ukuta uliobomoka kwa juu, hautasaidia sana. Hata ukifaulu, kwa kawaida hurudi sehemu tu, tena kwa miezi mingi. Mvuta sigara, na mwenye kisukari kisichodhibitiwa, hawapati matokeo mazuri. Na gharama yake si ndogo.

Kabla ya yote hayo, kila mgonjwa husafishwa ugaga hadi chini ya ufizi, akichomwa ganzi ikihitajika, kisha hupimwa tena baada ya miezi mitatu hivi. Wengi hapo hukuta damu imekoma na fizi zimekaza, wasihitaji kupasuliwa. Mjamzito naye anaweza kusafishwa, ila amwambie daktari mimba ina miezi mingapi. Maombi tuendelee nayo, na jino lililolegea tulipeleke kliniki.

Nyumbani tutumie mswaki laini asubuhi na usiku, hata damu ikionekana. Mwenye kisukari aangaliwe fizi pia, maana sukari nyingi huharibu fizi, na fizi mbovu huifanya sukari iwe ngumu kushuka.