Moto ni wa kuchemsha, kapu ni la kuivisha

Maharage yakishachemka, moto unaoendelea kuwaka chini yake unafanya kazi gani? Wengi watajibu kwamba unayaivisha. Jibu hilo lina kasoro, na kasoro yake inatugharimu mkaa mwingi. Maji yaliyokwisha kuchemka hayazidi kupata joto hata uyachochee kwa kuni za mkokoteni mzima. Dar es Salaam, palipo usawa wa bahari, yatabaki kwenye nyuzi joto 100. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu, yatabaki karibu na nyuzi 94. Moto unaoongezwa baada ya hapo hufanya mambo mawili tu: hufidia joto linalotoroka ubavuni mwa sufuria na kwenye mfuniko, na hugeuza maji kuwa mvuke. Maharage yenyewe hayana habari na moto huo. Yanachotaka ni kukaa ndani ya maji ya moto kwa muda wa kutosha, na maji hayo yanaweza kubaki ya moto bila kijinga hata kimoja, mradi sufuria imevishwa nguo nzuri. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba nguo hiyo, yaani kapu la kupikia lililoshonwa nyumbani, inastahili nafasi katika jiko la kila familia inayopika vyakula vya kutokosa, hata ile yenye mtungi wa gesi.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha ukubwa wa upotevu. Kupandisha lita 3 za maji kutoka nyuzi joto 25 hadi 100 kunahitaji nishati ya takriban kilojuli 940. Kugeuza lita moja tu ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,257. Maana yake, lita moja iliyoruka hewani imekula nishati zaidi ya mara mbili ya ile iliyochemsha sufuria nzima. Kila kikombe cha robo lita unachoongeza kwenye maharage yanayokaukia ni ushahidi wa kilojuli zaidi ya 560 zilizokwenda kulowesha dari, na hapo bado hatujahesabu joto lililopita pembeni mwa sufuria bila hata kuigusa. Mpishi aliyeongeza maji mara tatu amelipia mara kadhaa ya mkaa ambao chakula chake kiliuhitaji.

Chakula kinahitaji nini hasa? Wanga wa mchele huanza kufyonza maji na kuvimba kati ya nyuzi 65 na 80, kulingana na aina ya mchele. Kolajeni, ile mishipa migumu ya nyama ya kongoro na mbavu, huanza kulainika polepole kuanzia nyuzi 70 na kuendelea, na hulainika vizuri zaidi ikipewa saa nyingi kuliko ikipewa moto mkali. Maharage na mahindi ya makande ni magumu zaidi. Yanataka joto lililo karibu na la kuchemka, lakini nayo hayahitaji kutokota kwa kishindo. Mapishi ya pwani yamelijua jambo hili muda mrefu kwa vitendo. Wali ukikaribia kukauka huondolewa kwenye moto mkali ukapaliwa makaa juu ya mfuniko, ili uive kwa joto lililobaki. Tui zito likishatiwa kwenye mchuzi, moto hupunguzwa lisije likakatika. Na nyumba ambayo haina elimu yoyote ya fizikia ina chupa ya chai na hotipoti, vyombo viwili vinavyofanya kazi kwa kanuni ileile ya kapu. Kinachokosekana ni kuisogeza kanuni hiyo hatua moja nyuma: kutoka kutunza chakula kilichoiva hadi kukiivisha.

Hapa ndipo ufundi wa mikono unapoingia, na inafaa tuukalie kidogo, kwa sababu kapu baya ni hatari na kapu zuri ni la ajabu. Kizuia joto halisi ndani ya kapu ni hewa iliyotulia. Hewa ikiweza kuzunguka, hubeba joto na kuondoka nalo. Ikinaswa katika vitundu vidogovidogo, hupitisha joto kidogo sana. Kwa hiyo kazi ya kijazio ni kuikamata hewa isitembee. Sufi ya msufi ina sifa ya kipekee hapa: unyuzi wake mmoja ni mrija wenye uwazi, sehemu kubwa ya ujazo wake ikiwa hewa, na ganda lake la nje lina nta inayofukuza maji. Watu wa pwani walioshindilia mito na magodoro kwa sufi walikuwa na kizuia joto bora mikononi mwao. Pamba kuukuu, vipande vya blanketi, manyoya ya kondoo, maganda makavu ya mpunga na majani ya mgomba yaliyokaushwa vinafaa pia. Vumbi la mbao linafaa kwa taabu, kwani hushikana na kuzama. Lakini kijazio chochote kikilowa kimekwisha kazi: maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, na mvuke unaotoka chini ya mfuniko hupenya kitambaa muda wote. Ndiyo maana kapu hushonwa tabaka mbili, kitambaa cha ndani kikiwa cha kuvulika na kufuliwa, na mito yenyewe ikianikwa juani baada ya siku chache za matumizi.

Ganda la nje linaweza kuwa kapu la ukindu lililoshonwa kwa ukili, kiondo cha katani, au hata boksi gumu. Kazi yake ni kushika umbo tu. Kinachopimwa kwa makini ni nafasi kati ya ganda na sufuria: isipungue upana wa kiganja, karibu sentimita 10, pande zote, na chini pia, sehemu ambayo washonaji wengi huisahau. Kijazio kisishindiliwe. Mshonaji aliyezoea kutengeneza godoro hujisikia vibaya kuacha mto ukiwa mwepesi, ila kila ngumi anayoipiga humwaga hewa aliyokuwa anaitafuta. Kisha kuna mto wa juu. Huu ushonwe mkubwa kuliko mdomo wa kapu, wenye kijazio kisichojaa sana, ili ulegee na kujaza kila pengo karibu na mfuniko na vishikio, kwani joto hupanda na tundu la vidole viwili hapo juu hubatilisha kazi yote ya pembeni. Shimo la katikati lishonwe kwa kipimo cha sufuria ile inayotumika kila siku. Sufuria ndogo ndani ya shimo kubwa huzungukwa na hewa inayotembea. Sufuria iliyojaa nusu hupoa haraka zaidi, kwa sababu ina eneo kubwa la kupoteza joto ukilinganisha na maji yaliyomo. Kapu ni chombo cha sufuria iliyojaa, basi, na hapo familia kubwa ina faida kuliko mtu anayejipikia peke yake.

Wazo hili si geni duniani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilihimiza kaya kutumia masanduku yaliyojazwa nyasi kavu ili kubana matumizi ya nishati, na nchini Kenya vikundi vya wanawake vimekuwa vikifundishana kushona vikapu vya aina hii kwa miaka mingi. Kama ni rahisi na vinafaa kiasi hicho, mbona havijaenea? Ziko pingamizi, na baadhi zina uzito.

Pingamizi kubwa kuliko zote ni usalama wa chakula, na anayelitetea kapu bila kuligusa hilo anawadanganya wasomaji wake. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana lektini iitwayo fitohemaglutini. Punje nne au tano zisizoiva zinaweza kumsababishia mtu kutapika na kuharisha. Sumu hiyo huharibiwa na mchemko mkali, ila joto la nyuzi 80 haliiharibu ipasavyo, na maharage yaliyopikwa kwa joto hilo tu yanaweza kuwa mabaya kuliko mabichi. Kwa hiyo kuyachemsha maharage dakika moja na kuyatia kapuni ni kosa. Shirika la Afya Duniani linashauri yalowekwe kwa saa 12 angalau, kisha yachemshwe kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi. Ushauri wangu ni nusu saa katika maji mapya, hasa nyanda za juu ambako maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Hata hiyo nusu saa ni sehemu ndogo ya saa mbili au tatu za kawaida.

Hatari ya pili ni bakteria. Wapo, katika wali na katika nyama, ambao mbegu zao haziuawi na mchemko. Joto likishuka chini ya nyuzi 60 huamka na kuzaana. Kapu linalotunza joto vizuri hutunza uvuguvugu vizuri vilevile, na sufuria ya pilau iliyoachwa humo tangu jioni hadi asubuhi inalala mahali ambapo bakteria wangepachagua wenyewe. Kapu jipya lipimwe kabla ya kuaminiwa: lijazwe sufuria ya maji yanayochemka, lifunikwe kwa saa nne, halafu maji yapimwe kwa kipimajoto. Yakiwa chini ya nyuzi 60, mto uongezwe au mapengo yazibwe. Chakula kikitolewa kapuni, kiliwe. Chenye nyama kichemshwe tena kwanza. Kisamvu na mihogo michungu viwekwe nje kabisa ya mpango huu, kwani sumu yake ya sayanidi inahitaji kutoka na mvuke, sufuria ikiwa wazi.

Pingamizi la muda linasikika zaidi lakini lina nguvu ndogo. Ni kweli kwamba maharage yatakaa kapuni saa nne au tano baada ya kuchemshwa. Lakini kuna muda wa saa na kuna muda wa mtu. Sufuria iliyo motoni humfunga mpishi: achochee, aongeze maji, anuse kama yanaungua, amzuie mtoto asisogelee. Sufuria iliyo kapuni haimhitaji mtu. Maji hayakauki na chakula hakiungui. Mama anayetoka asubuhi kwenda gengeni anaweza kuliacha kapu likifanya kazi na kurudi mchana akaunga. Tatizo halisi la muda ni jingine: kapu linamtaka mtu apange mlo mapema, na kaya inayonunua chakula cha siku kwa hela iliyopatikana mchana haina nafasi ya kupanga hivyo. Kwa kaya kama hiyo kapu litasaidia wali na nyama kuliko maharage, na ni haki kulisema hilo.

Ladha nayo isidharauliwe. Kapu halitoi ukoko, halikaangi samaki, halichomi chapati wala vitumbua, na ugali unataka mwiko juu ya moto mpaka mwisho. Kitunguu kikaangwe na viungo viungwe jikoni kabla; kapuni hakuna kitu kinachogeuka rangi. Anayependa harufu ya moshi kwenye wali ataikosa. Kwa upande wa pili, maharage ya kapu hubaki mazima, ganda halipasuki na mchuzi wake huwa mzito bila kupondwa, maana hayagongani katika mtokoto.

Wengine watasema wakati wa vitu hivi umepita. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na lengo hilo ni jema: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kapu halifuti moshi. Linapunguza muda wa kuuvuta. Wala halishindani na gesi. Kinachowarudisha watu kwenye mkaa baada ya kupewa mtungi ni bei ya kujaza tena, na vyakula vinavyomaliza mtungi ni hivihivi vya kutokosa. Wako wanaotumia gesi kwa chai na mayai, halafu wakawasha mkaa kwa maharage. Kapu linawezesha maharage nayo yapikwe kwa gesi, kwani yatakaa juu ya mwali nusu saa tu. Mwenye umeme wa uhakika na sufuria ya presha ya umeme ana chombo kizuri zaidi kwa kazi hii, maana ndani yake maji hupita nyuzi 100; huyo sitamsumbua.

Limebaki swali la kushona au kununua. Mifuko iliyotengenezwa tayari ipo, na mtu asiye na nafasi ainunue. Ila mfuko wa dukani hukatwa kwa sufuria ya wastani, ambayo haimo jikoni mwa mtu yeyote. Aliyeshona mwenyewe anajua kijazio kiko wapi na kina unene gani. Baada ya miezi kadhaa sufi hulala, mto wa juu hupungua kimo, na maharage yaliyokuwa yakiiva saa tano huanza kutoka magumu. Mwenye mfuko wa kununua hapo huamua kwamba kitu hakifai. Mshonaji hufumua upande mmoja wa mto, huitoa sufi, huichambua kwa vidole hadi ivimbe tena, huianika juani, huongeza konzi mbili tatu, kisha hushona mdomo na kulipima kapu upya kwa sufuria ya maji.