Wanga Ukitoka, Kinachobaki ni Mara Tatu

Kila tukibishana hapa chuoni kuhusu mafuta ya mimea, lazima atokee mtu aseme Wamarekani wanachoma mahindi kwenye magari huku watu wana njaa. Hoja ina uzito, ila mimi naona imesahau theluthi moja ya gunia.

Chukua kilo 25 za mahindi. Kiwandani, Iowa au Nebraska, yanasagwa, yanatiwa maji na vimeng'enya, wanga unageuka sukari, hamira inaila sukari ile. Zinatoka lita 10 hivi za ethanoli, gesi ya kaboni dayoksaidi, na machicha makavu kama kilo 7 na nusu. Ndiyo, machicha, ndugu wa yale ya pombe ambayo wafugaji wetu huyabeba kwenye viroba.

Machicha hayo wanakula ndama wa nyama. Ndama aliyeachishwa ziwa bado anajenga misuli, anataka protini nyingi, na wakati wa baridi Nebraska anachokuta shambani ni mabua makavu. Sasa, wanga ni kama theluthi mbili ya punje. Ukiutoa, kila kilichobaki kinajikusanya karibu mara tatu (nasomea ualimu, na ningefundishia uwiano kwa mfano huu). Protini ya mahindi ni asilimia 8 au 9. Ya machicha inakaribia 30. Tena sehemu kubwa yake inapita tumbo la kwanza bila kuvunjwa na vijidudu, inamfikia ndama mwenyewe kwenye utumbo mdogo.

Lakini hiyo mara tatu haichagui. Fosforasi nayo inapanda, kwa hiyo mfugaji asipoongeza chokaa ya mifugo, maksai wanapata mawe kwenye njia ya mkojo. Kubwa zaidi ni salfa, kwa sababu viwanda vingi hutumia asidi ya salfa kurekebisha uchachu. Ikizidi kama asilimia 0.4 ya chakula chote, tumboni inakuwa gesi yenye harufu ya mayai viza. Ng'ombe akicheua anaivuta mapafuni, na ubongo unaharibika. Anapofuka, anasukuma kichwa ukutani, anaweza kufa. Na maji ya kisima yenye salfa lazima yaingie kwenye hesabu hiyohiyo.

Halafu kuna sumukuvu, ambayo haiishi kwa kuchachushwa wala kukaushwa. Hii tunaijua. Kenya mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100, na 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Ndio maana nashtuka nikisikia mtu anasema mahindi yaliyoota ukungu yapelekwe tu kwenye mitambo ya ethanoli, "si ni mafuta?" Mafuta yatatoka safi kweli. Machicha yatabeba sumu karibu mara tatu, na ndama anaihimili kidogo kuliko ng'ombe mzima. Kipimo kikae mlangoni mwa kiwanda, kabla mahindi hayajasagwa, kwa gharama ya kiwanda. Mfugaji anayenunua kiroba kimoja hana maabara.