Sura na Jina katika Picha za Waigizaji wa Karne ya 19

Mtu akipewa picha ya zamani ya mwigizaji ili aiandikie maelezo, ataandika jina la nani: la aliyesimama mbele ya kamera, au la yule aliyeigizwa? Swali hili lawahusu wanafunzi wetu wa Likasi wanaoorodhesha picha za jamaa zao, nalo lina historia.

Mwaka 1854 Mfaransa André Disdéri alipata hataza ya kamera iliyotoa picha ndogo kadhaa katika bamba moja. Gharama ikashuka. Kila picha ilibandikwa juu ya kadi ya sentimita 6 kwa 10 hivi, mfano wa ile ambayo mgeni huiacha mlangoni. Ndiyo sababu ya kuitwa carte de visite. Katika miaka ya 1860 zilifuata kadi kubwa zaidi, zilizoitwa za kabineti. Sura ya mwigizaji mashuhuri ikauzwa dukani, ikanunuliwa hata na wasiopata kumwona jukwaani, ikatiwa katika albamu pamoja na shangazi na wajomba. Karatasi yenyewe ilipakwa ute wa yai. Basi wanaotucheka sisi wa Katanga kwa kusema “kupika foto” wajue kwamba zamani picha zilikuwa na mayai kweli.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 1888, katika ukumbi wa Lyceum huko London, Ellen Terry aliigiza Lady Macbeth wa Shakespeare. Studio ya Window & Grove ilimpiga picha akiwa amevaa vazi lake la jukwaani, lililoshonewa mabawa ya kijani ya mbawakawa. Kadi haionyeshi kijani hicho. Huonyesha misuko mirefu na uso mkali. Asiyejua ataandika “malkia”, na mwanamke aliyeifanya kazi ile atapotea.

Jambo hili si geni kwetu. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, ambalo Johannes Fabian alifanya nalo utafiti mwaka 1986, lilijulikana kwa jina la jukwaani la kiongozi wake. Jina la mchezo lilimeza jina la kuzaliwa.

Tena kuna swali la mwenye mali. Napoleon Sarony, mpiga picha wa waigizaji huko New York, alimpiga picha Oscar Wilde mwaka 1882. Kampuni moja ikachapisha nakala 85,000 bila ruhusa. Mwaka 1884 Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa Sarony haki, kwa kuwa yeye ndiye aliyepanga mkao, mavazi na mwanga. Wilde mwenyewe, mwenye sura, hakuwa hata mdai katika kesi hiyo.

Kwa hiyo, nyuma ya kila picha iandikwe kwa penseli, si kwa kalamu ya wino: jina la mtu, kisha nafasi aliyoigiza, kisha studio, mahali na mwaka. Mahali paandikwe kwa jina la wakati ule. Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean-Bosco mwaka 1952, mji huu uliitwa Jadotville. Likasi iongezwe katika mabano.