Mbolea ya mikunde nchi kavu: fedha iende kwenye DAP, TSP au yurea?

Mfanyabiashara wa pembejeo anayejaza ghala yurea kwa ajili ya wakulima wa choroko na kunde wa Dodoma na Singida anajitafutia hasara. Mazao ya jamii ya mikunde hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria waitwao raizobia, wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Yakipewa yurea nyingi, vinundu hupungua na majani huongezeka. Dodoma, ambako mvua ya mwaka haifiki milimita 600 kwa kawaida, majani mengi humaliza maji ya udongo kabla maganda hayajajaa.

Kinachopungua mara nyingi ni fosforasi, ambayo vinundu vyenyewe vinaihitaji. Mfuko wa kilo 50 wa TSP una kilo 23 za fosfeti. DAP ina kiasi hicho hicho pamoja na kilo 9 za naitrojeni, ambazo humsaidia mche kabla vinundu havijaanza kazi. Basi linganisha bei ya mifuko hiyo miwili kabla ya kuagiza. Kama DAP ni ghali sana, TSP inatosha. Fosfeti ghafi ya Minjingu, mkoani Manyara, huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye asidi na unyevu. Kwenye udongo mkavu usio na asidi mnunuzi atasubiri sana.

Fosforasi haitembei udongoni. Mbolea ikimwagwa juu ya shamba ni fedha iliyotupwa. Iwekwe shimoni wakati wa kupanda, ifukiwe kidogo, ndipo mbegu ifuate. Kwa mvua za kubahatisha, nusu mfuko kwa ekari ni mwanzo wa busara, na sehemu isiyotumika hubaki kwa mtama wa msimu ujao.

Mbaazi ni habari nyingine. Mizizi yake huenda chini sana na hutoa asidi inayofungua fosforasi iliyoshikwa na madini ya chuma, hivyo faida ya mbolea huweza kuwa ndogo.

Bakteria wa kupaka mbegu wanauzika zaidi kwa soya. Kunde na choroko kwa kawaida huwakuta raizobia wao udongoni. Tena hao ni viumbe hai: wakikaa kwenye duka lenye bati la moto, hufa.

Aliyekopesha mbolea akague shamba linapotoa maua. Ang'oe mche, apasue kinundu. Kikiwa chekundu ndani kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, asiongeze fedha.

Hata hivyo mavuno mazuri hayalindi bei. Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu wa mbaazi za Tanzania, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi kutoka nje, na bei vijijini ikaporomoka. Anayekopesha mifuko kwa malipo ya magunia ameibeba hatari hiyo yeye, siyo mkulima.