Milima ya Loima: Kwa nini mgeni hapandi bila mwenyeji

LODWAR, Turkana

JOTO la Lodwar halihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kushuka kwenye basi la kutoka Kitale saa saba mchana. Mji huo uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua yake ni haba, na kwa siku nyingi za mwaka kipimajoto hufikia nyuzi 35 au zaidi. Kwa hivyo mgeni anapoambiwa kwamba magharibi mwa mji huo, kuelekea mpaka wa Uganda, iko milima yenye misitu ya mitarakwa ambako mtu hulala akiwa amejifunika blanketi, hudhani anafanyiwa mzaha.

Si mzaha. Milima ya Loima, ambayo imeipa jina kaunti ndogo yenye makao yake Lorugum, hupanda hadi zaidi ya mita 2,000. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi sita. Hesabu hiyo pekee yatosha kueleza kwa nini kilele cha Loima ni nchi nyingine kabisa. Upepo unaopita juu ya tambarare bila kuacha hata tone hukutana na ukuta wa mlima, hupanda, hupoa, na unyevu uliomo hugeuka ukungu unaong'ang'ania matawi ya miti. Chini ni migunga na mawe meusi. Juu ni mitarakwa, mipodo na kuvu linaloning'inia.

Milima ya namna hiyo si Loima pekee. Kaskazini zaidi, wakazi wa Kakuma huiona Pelekech kila waamkapo, na anayesafiri kuelekea Lokichoggio huipita Songot na kuikuta Mogila karibu na mpaka. Kila mmoja ni kisiwa cha ubichi katika bahari ya mchanga. Hata hivyo, ni wageni wachache mno wanaoizuru. Watalii wengi wafikao Turkana huja kwa ajili ya ziwa na mamba wa Kisiwa cha Kati, hupiga picha, kisha hurejea Nairobi kwa ndege.

Wapo wanaotaka kutembea kwa miguu milimani na kuwatazama wanyama, na idadi yao huenda ikaongezeka kadiri barabara ya kutoka Kitale inavyotengenezwa. Swali lao la kwanza aghalabu huwa hili: ramani ya njia inapatikana wapi? Swali hilo ni zuri, lakini limekosea mlango. Loima haina njia zilizowekewa alama kama za Mlima Kenya, wala lango ambapo askari wa wanyamapori hukata tiketi. Njia zilizopo ni za ng'ombe, punda na mbuzi, nazo hubadilika kulingana na maji yalipo. Mwenye kuzijua ni mfugaji.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayoua upesi. Kwenye tambarare mito mingi ni ile iitwayo laga: mifereji mipana ya mchanga ambayo kwa miezi mingi haina hata unyevu wa kulowesha kidole. Mwenyeji hujua ni kona ipi ya laga ambayo mtu akichimba atapata maji, na ni ipi atakayochimba hadi mikono imwishe nguvu. Hujua pia jambo ambalo wageni hulisahau, kwamba laga huweza kufurika hali juu yake hakuna wingu. Mvua hunyesha mlimani usiku, na maji huwafikia watu wa chini baada ya saa kadhaa, yakiwa na magogo na mawe. Wakazi wa Lodwar wanaijua vyema tabia hiyo kutokana na laga ya Kawalase inayopita mjini mwao. Kwa sababu hiyo hakuna mwongoza njia mwenye akili timamu atakayemruhusu mgeni kupiga hema kwenye mchanga laini wa laga, hata kama ndipo penye kivuli kizuri zaidi.

Sasa wanyama. Mtu asitarajie Maasai Mara. Hapa hakuna makundi ya nyumbu wala simba waliolala karibu na gari. Aliyezoea hifadhi kubwa atatembea asubuhi nzima na kuona dikidiki wawili, pimbi wanaoota jua juu ya mawe, na nyani wakipiga kelele genge la pili. Chui na fisi huonekana kwa nyayo zaidi kuliko kwa sura. Ndege ndio hawana hiana: keremkerem, tai na tumbusi huzunguka juu ya majabali bila kujali nani anatazama.

Ukimya huo una historia. Count Teleki na mwenzake von Höhnel walipofika ziwani Machi 1888, msafara wao ukiongozwa na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani, walikuta ndovu katika nchi hii na wakawaua kwa bunduki. (Hivyo hata mwongoza watalii wa kwanza mashuhuri wa Turkana alikuwa Mswahili, na kazi yake ya kawaida ilikuwa biashara ya pembe.) Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwafagia ndovu wa nchi nzima kutoka takriban 167,000 mwaka 1973 hadi 16,000 hivi mwaka 1989. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu 36,280. Kwa upande wa Turkana, wanaotaka kuwaona huelekezwa kusini, katika Hifadhi ya Turkana Kusini na jirani yake Nasolot, zote zilizotangazwa mwaka 1979, ambako ndovu huzunguka karibu na bonde la mto Turkwel.

Kutazama wanyama katika milima hii basi ni kazi ya kusoma ardhi. Mwongozaji huinama, hugusa kinyesi, hutazama jani lililong'atwa, kisha husema mnyama gani alipita na kama ilikuwa alfajiri au jana. Mgeni mwenye subira hufurahia elimu hiyo kuliko kuona simba kumi dirishani. Asiye na subira afadhali abaki ziwani.

Elimu hiyo ni ya kale kwa watu wa huku. Masimulizi ya Waturkana wenyewe kuhusu asili yao yanaanza na nyayo. Kikongwe mmoja wa Wajie, Nayeche, alitoka nchi ambayo leo ni Karamoja, akashuka hadi bonde la Tarach, mto uleule unaopita Kakuma. Vijana wanane wa kabila lake, waliokuwa wakifuata nyayo za fahali aliyepotea, walimkuta akiokota matunda pori, fahali akiwa karibu naye. Walipoona malisho yalivyo mema walirudi kwao kuwaita wenzao, na waliohamia huko ndio wakawa Waturkana. Kilima chenye jina lake, Moru Anayeche, kingalipo. Wajie, Wakaramoja, Watoposa na Waturkana huelewana lugha hadi leo, na huitana ndugu hata siku wanapoibiana ng'ombe.

Hapo ndipo tunapofika kwenye sababu kubwa ya mgeni kuhitaji mwenyeji. Milima ya mpakani ndiyo ghala ya malisho. Mvua inaponyesha, ng'ombe hushuka tambarare. Kiangazi kikikaza, hupanda. Kundi la familia zinazochunga na kuhama pamoja huitwa adakar, na kila adakar ina kiongozi wake. Ukame ukizidi, kama ulivyozidi kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo, makundi ya pande zote mbili za mpaka hukutana kwenye chemchemi zilezile chache. Mkutano huo huweza kuwa wa salamu au wa risasi. Mtembezi asiyejua wiki hii ni ya salamu au ya risasi hana haki ya kuwa mlimani.

Bunduki ziliongezeka mno baada ya mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka na kambi ya jeshi ya Moroto kuporwa silaha. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1973, wazee wa Waturkana na wa Wamatheniko, tawi mojawapo la Wakaramoja, walikutana Lokiriama, katika eneo hilihili la Loima, wakachimba shimo na kufukia silaha ndani yake. Mapatano hayo hayakuandikwa na mwanasheria yeyote. Mengi yaliyoandikwa na wanasheria baadaye yamesahauliwa, ilhali ya Lokiriama yameheshimiwa kwa kiasi kikubwa hadi leo, na kila mwaka watu wa pande zote mbili hukusanyika hapo kuyakumbuka.

Haimaanishi kwamba shida imekwisha. Machi 2022, wanajiolojia watatu waliokuwa wakichora ramani ya madini wilayani Moroto, upande wa pili wa mpaka, waliuawa pamoja na askari wawili waliowalinda. Serikali ya Uganda iliwalaumu wafugaji wa Kiturkana, na Mei 2023 Rais Museveni akatoa amri kwamba wafugaji wa Kenya wenye bunduki waondoke nchini mwake baada ya miezi sita wasipotii masharti yake. Februari mwaka huohuo, Kenya nayo ilikuwa imeanzisha operesheni ya kijeshi dhidi ya wizi wa mifugo katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa, Turkana ikiwamo. Wanajiolojia wale walikuwa na walinzi na ramani. Msomaji na aliwaze hilo kabla ya kuamini kwamba mlinzi mwenye bunduki anaweza kuchukua nafasi ya mzee anayefahamika na pande zote mbili.

Yafaa kuwatazama majirani kwa jambo jingine. Ng'ambo ya mpaka, katika Hifadhi ya Taifa ya Kidepo yenye kilomita 1,442 za mraba, matembezi ya milimani yamekwisha kuwa kazi inayojulikana. Askari wa wanyamapori wa Uganda huwapeleka wageni hadi Mlima Morungole, wenye mita 2,700 na zaidi, kuwatembelea Waik, jamii ndogo inayoishi huko juu. Matembezi ni mazuri na wanyama wa bondeni, nyati na twiga wakiwamo, ni wengi. Lakini Waik walikuwa wawindaji na wakusanyaji katika bonde lilelile la Kidepo kabla halijafanywa hifadhi mwaka 1962. Walizuiwa kuwinda humo, wakasongwa milimani na njaa ikawaandama. Mwaka 1972 mwanaanthropolojia Colin Turnbull alichapisha kitabu kilichowachora kama watu wasio na utu, picha ambayo wataalamu wengine, akiwamo mwanaisimu Bernd Heine, waliipinga baadaye. Leo mgeni hulipa ili apande kuwaona watu walioondolewa alikotoka yeye asubuhi.

Turkana bado haijafanya kosa hilo milimani mwake. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaziruhusu jamii kuanzisha hifadhi zao wenyewe, na ile ya ardhi za jamii ya mwaka 2016 inazipa njia ya kusajili ardhi iliyokuwa mikononi mwa baraza la kaunti kwa niaba yao. Zikitumiwa ipasavyo, ada ya mgeni anayepanda Loima itaingia kwa adakar anayoikuta malishoni, na malisho ya kiangazi yatabaki kuwa malisho. Zikipuuzwa, atakuja mwekezaji mwenye uzio. Uzio kuzunguka msitu wa Loima wakati wa ukame ungekuwa hukumu ya kifo kwa ng'ombe wa maelfu ya familia, na sidhani kwamba wenye ng'ombe hao wangekaa kimya.

Kwa anayetaka kwenda sasa, majira mazuri ni baada ya mvua ndefu, kuanzia Juni hadi Agosti. Laga zimetulia, chemchemi hazijakauka, na mifugo mingi ingali tambarare, hivyo mlima una nafasi na wanyama pori hawasumbuliwi. Ofisi ya utalii ya kaunti ipo Lodwar, lakini chifu wa Lorugum au wa Lokiriama ndiye ajuaye nani kalala wapi jana usiku. Ukifika adakar, anza kwa salamu ya "ejoka", kaa kivulini na usubiri wazee wamalize mazungumzo yao. Tumbaku kidogo ni zawadi inayopokewa kwa heshima. Kamera ibaki mfukoni hadi mwenye uso aridhie. Bei ya mwongozaji, ya punda wa kubeba maji na ya usiku wa ziada ikubaliwe mbele ya mashahidi kabla ya kuondoka, si kileleni.

Safari huanza saa kumi na moja alfajiri, kabla mawe hayajashika moto. Kufikia saa nne watu hutafuta kivuli, hulala, kisha hupanda tena alasiri. Siku ya pili ndipo mitarakwa ya kwanza hutokea, na mwongozaji, ambaye tangu tambarare hakuwa na zaidi ya shuka moja begani na kigoda chake cha ekicholong mkononi, huanza kuulizia kama mgeni amebeba blanketi la pili.